Mzee wa Mlangoni

Kama uliwahi kulipa kiingilio kwenye kibanda umiza miaka ya tisini, iwe Majengo hapa Dodoma au mtaa mwingine wowote wa nchi hii, James Hong umeshamwona. Jina hukulijua, wala hukulihitaji. Alikuwa yule Mchina mwenye macho makali na sauti ya mikwaruzo, anayemfungulia mtu mlango, anayemtisha mateka, anayekufa mapema ili hadithi isonge mbele. Kwenye Missing in Action ya mwaka 1984, Chuck Norris ananyata usiku kwenda kumkabili Jenerali Tran chumbani kwake. Jenerali huyo ni Hong. Kwenye Tango & Cash ya 1989, Sylvester Stallone na Kurt Russell wakiwa wanavunja kila kilicho mbele yao, mmoja wa watu wa tajiri mwovu ni Hong huyohuyo, safari hii anaitwa Quan. Bandani hakuna aliyebishana kwa ajili yake. Ubishi ulikuwa wa Chuck Norris na Bruce Lee, nani angempiga nani, kana kwamba wawili hao hawakuwahi kupigana kwenye mkanda na jibu likaonekana.

Mimi ni mtu wa mapokezi. Nimekaa kwenye meza za mapokezi karibu maisha yangu yote ya ajira, na sasa niko ofisi moja huko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kwa hiyo mkiniambia nina upendeleo sitabisha: kwenye filamu wenzangu wanamfuata kwa macho mkubwa anayeingia, mimi nabaki na yule aliyemfungulia. Na mara nyingi mno aliyefungua alikuwa Hong. Wanaohesabu kazi zake za filamu na televisheni wanataja zaidi ya 600. Hata ukizikata nusu kwa kuogopa chumvi, bado masteringi wengi uliowapigia makofi hawamkaribii.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1929 Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, kwa wazazi wa Kichina. Sehemu ya utoto wake ilipita Hong Kong, kisha akarudishwa Minneapolis angali mtoto. Akakua, akasomea uhandisi ujenzi, akamalizia shahada yake katika Chuo Kikuu cha Southern California, akaajiriwa kama mhandisi wa barabara na serikali ya eneo la Los Angeles. Wazazi wetu wangeishukuru Mbingu na kufunga mjadala hapo. Mhandisi wa barabara! Kwa mji kama huu wetu, ambao miaka hii umezungumza sana habari za barabara ya mzunguko ya kilomita 112, kijana wa namna hiyo anachumbiwa kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Yeye alikuwa anaomba ruhusa kazini ili aende kuigiza.

Mlango wake ulifunguka mwaka 1954. Kulikuwa na kipindi cha maswali na vichekesho cha televisheni, mwendeshaji wake Groucho Marx, mchekeshaji mkubwa wa zama hizo. Hong alipanda pale kama mshiriki wa kawaida, akaanza kuiga sauti za watu maarufu, mpaka akamwiga Groucho mwenyewe mbele ya Groucho. Watazamaji wakampenda, barua zikamiminika. Mwaka uliofuata alishakuwa kwenye filamu moja na Clark Gable, na nyingine na John Wayne. Nafasi ndogondogo, ndiyo, lakini pembeni ya watu ambao Marekani nzima ilikuwa inawatazama.

Kuna jambo la mwaka 1956 ambalo kwa Mtanzania lina ladha yake. Wamarekani walikuwa wameinunua ile filamu ya Kijapani ya dubwana Godzilla na kuitengeneza upya kwa soko lao. Wahusika wa Kijapani walihitaji sauti za Kiingereza. Hong na wenzake wachache waliwekwa chumbani, wakagawana wahusika, kila mmoja akabeba sauti za watu kadhaa. Sisi tuliokulia kwenye mikanda ya kutafsiriwa tunaijua kazi hiyo. Lufufu wa Dar es Salaam alifanya yote peke yake: alikuwa askari, alikuwa jambazi, alikuwa mke wa jambazi, na katikati ya risasi alikuwa na muda wa kukueleza huyu ni nani na amekosana na nani. Mimi sijawahi kuona hiyo ni kazi ya kubahatisha. Anayeweza kubeba sauti saba kwa mfululizo bila kumchanganya msikilizaji amewasikiliza watu kwa miaka mingi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Enzi Hong anaanza, Mchina kwenye filamu za Hollywood alikuwa na nafasi zinazohesabika: mfua nguo, mpishi, mtumishi wa ndani, jasusi, adui vitani. Nafasi ikiwa kubwa, ikiwa na mapenzi ndani yake au akili, alipewa Mzungu aliyebandikwa gundi pembeni mwa macho. Luise Rainer alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mwanamke mkulima wa Kichina katika The Good Earth ya mwaka 1937. Mwaka 1957 Hong alipata kazi ya kudumu kwenye tamthilia ya televisheni ya mpelelezi Mchina aitwaye Charlie Chan. Mpelelezi mwenyewe alichezwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Hong, Mchina pekee wa kweli kati yao wawili, alikuwa mtoto wake. Kwa simulizi ya Hong mwenyewe, siku moja alikosea kuingia kwenye maneno yake, Naish akamfokea mbele ya watu, na kazi ikaishia hapo.

Mwanangu wa kwanza, anayesoma Udom, nilipomsimulia hili aliniuliza, "Mama, si angekataa tu hizo nafasi?"

Swali la haki. Tena kwa Hong lina uzito kuliko kwa wengine, maana huyu hakuwa mtu asiye na pa kwenda. Alikuwa na shahada, alikuwa na meza ya uhandisi inayomsubiri. Njaa haikumpeleka kucheza watumishi. Alikwenda kwa miguu yake, akijua anachokwenda kukuta.

Mimi swali lile lilinigusa kwingine kabisa. Sisi Wagogo tunajijua tulivyo kwenye maigizo. Katika ninayoyakumbuka, Mgogo ana nafasi tatu: ombaomba wa barabarani Dar, mlinzi wa geti anayesinzia, au dada wa kazi asiyejua kuwasha jiko la gesi. Na ni lazima aongee kwa lafudhi moja nzito ambayo sijaisikia kwa mtu yeyote kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa. Nchi hii hii imemtoa Hukwe Zawose, aliyebeba zeze na marimba akawainua watu kwenye viti Ulaya, lakini kwenye runinga tunaingia na bakuli.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti Kizota. Ana kipaji cha kuigiza, kila msiba na kila harusi ya ukoo anaombwa kushika usemaji. Kuna kundi moja la watu wa maigizo lilikuja kurekodi huku kwetu, wakamwita acheze mlinzi. Wakamwambia aongee "kigogogogo". Akauliza kwa adabu zote, "Samahani bosi, huyu mlinzi ana familia?" Wakacheka, wakadhani ndiyo ameanza vituko. Yeye alikuwa anauliza kweli. Alitaka kujua mtu huyu akitoka getini asubuhi anakwenda wapi, maana mlinzi mwenye mtoto mgonjwa nyumbani anasinzia tofauti na mlinzi mlevi. Hakujibiwa. Alicheza kama walivyotaka, akalipwa, kipande chake hakikufika dakika moja. Mama alipokiona alicheka sana, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mbona umeongea kama mtu aliyeng'olewa jino?"

Kwa hiyo mwanangu alipouliza kwa nini Hong hakukataa, nilikuwa na mtu wangu akilini.

Hong alizicheza nafasi zile. Lakini mwaka 1965 yeye na waigizaji wenzake, Mako akiwa mmoja wao, walianzisha kundi lao la maigizo ya jukwaani Los Angeles, East West Players. Walianza na mchezo uitwao Rashomon, na ndani ya kundi hilo Mwasia aliweza kuwa hakimu, mpenzi, mwongo, shujaa, chochote. Mchana unacheza mpishi wa Kichina asiye na jina ili ulipe kodi ya nyumba, jioni unakwenda jukwaani kwako kuwa mtu kamili. Kundi hilo lipo mpaka leo, na kizazi kizima cha waigizaji wa Marekani wenye asili ya Asia kimepitia mlango huo.

Siwezi kusema jambo hili linafuta lile. Nafasi alizocheza zilichekesha watu kwa gharama ya watu wake, na zipo kwenye mikanda, zitaonekana milele. Ila ninapozitazama upya naona kitu ambacho mdogo wangu alikuwa anakitafuta alipouliza habari za familia. Hong anaingia na maisha ambayo mwandishi hakumwandikia.

Tazama Chinatown ya mwaka 1974. Jack Nicholson ni mpelelezi, anagonga mlango wa tajiri, mlango unafunguliwa na mtumishi aitwaye Kahn. Ni Hong, hana maneno mengi. Mpelelezi anampita kama anavyopita stuli, na sisi pia tunampita. Filamu ikikaribia mwisho unagundua mtumishi yule alijua kila kitu tangu mwanzo. Siri ambayo mpelelezi ameitafuta mpaka kukatwa pua inaishia kufichwa nyumbani kwa Kahn. Ukirudia kuitazama, zile sekunde za mlangoni zinabadilika kabisa: uso ule haukuwa mtupu, ulikuwa umefungwa. Wenzangu wa mapokezi mnanielewa. Mgeni anadhani hujui bosi yuko wapi.

Miaka minane baadaye akawa Chew, fundi wa kutengeneza macho ya binadamu bandia katika Blade Runner. Kipande kile kilipigwa ndani ya chumba halisi cha kugandishia, barafu ya kweli ukutani, Hong akiwa na koti kubwa la manyoya lililounganishwa na mipira ya joto. Wanaingia binadamu bandia wawili wenye hasira, wanamvua joto lake, naye anatetemeka akijitetea kwamba yeye kazi yake ni macho tu, mengine hayajui. Ni utetezi ninaousikia kila wiki kutoka dirisha hadi dirisha. Hayo si ya kwetu, nenda masjala. Kabla hawajaingia, alikuwa anaongea peke yake na jicho mkononi, kwa furaha, kama fundi saa anayependa saa. Hapo ndipo unaona kwamba fundi huyu ana kwao.

Mwovu mkubwa kuliko wote aliowahi kumcheza, Lo Pan wa Big Trouble in Little China, 1986, nitampitia haraka, ingawa wapenzi wa filamu wangenipiga mawe. Ni mchawi wa miaka elfu mbili ambaye saa hii ni kikongwe kwenye kiti cha magurudumu, saa ijayo ni mfalme mrefu mwenye kucha ndefu, na Hong anawacheza wote wawili kwa raha isiyofichika. Ilianguka vibaya kwenye majumba ya sinema, ikaja kufufuliwa na kanda za video. Kinachonifurahisha mle ni kwamba Mzungu, Kurt Russell, ambaye kila mtu anamdhania ndiye steringi, muda mwingi anaharibu mambo, na kazi ya kweli inafanywa na rafiki yake Mchina.

Lakini kama ningeruhusiwa kuhifadhi kipande kimoja tu cha Hong, kingekuwa cha televisheni. Tarehe 23 Mei 1991 ilirushwa sehemu moja ya vichekesho vya Seinfeld ambamo hakuna kinachotokea. Watu watatu wanaingia mgahawa wa Kichina, wanaomba meza, wanaambiwa wasubiri. Wanasubiri. Basi. Wakubwa wa kituo cha NBC waliichukia kabla haijatoka, wakasema haina hadithi. Mkubwa aliyesema hivyo hajawahi kufuatilia faili.

Hong ndiye mwenye daftari la majina. Kila wakimfuata anawaambia dakika tano, kumi. Hakasiriki, hacheki, hadanganyi kwa namna unayoweza kumshika nayo. Watu wengine wanaingia nyuma yao na kukaa. Mwanamke anajaribu kumpenyezea pesa. Anazipokea kwa utulivu kama mtu aliyepewa salamu, na anaendelea kuwakalisha wengine. Mmoja wao anasubiri simu ya mpenzi wake. Simu inapigwa, Hong anasimama na kuita kwa sauti jina lisilo lake, "Cartwright! Cartwright!" Hakuna anayeitika. Anakata simu. Baadaye akiulizwa anaeleza alichofanya, hatua kwa hatua, bila hatia hata chembe. Ameita, hakuna aliyekuja, amekata. Taratibu imefuatwa! Wale watatu wanachoka, wanaondoka, na mlango ukishafungwa nyuma yao, anaita jina lao.

Nilimwonyesha mdogo wangu kipande kile kwenye simu. Nilitegemea atacheka. Alikirudia, akasema, "Dada, umeona anaangalia daftari kwanza kabla hajamwangalia mtu? Kila mara." Nikaangalia tena. Kweli. Mwandishi hakuandika hilo, hakuna anayeandika vitu kama hivyo. Hong alikuwa amewahi kusimama mahali akisubiri, akamtazama vizuri mtu wa mlangoni. Na kwa kutazama kule, Mchina wa mgahawa, ile nafasi ya zamani ya kuchekwa, inageuka kuwa mtu mwenye mamlaka kuliko wote chumbani. Tunawacheka wateja.

Huku kwetu wazee wa namna hii tunao, na tunawaenzi kwa namna ya ajabu kidogo: tunawapa jina la nafasi na kulisahau la kuzaliwa. Mzee Jengua alipofariki Desemba 2020, wangapi kati ya waliomlilia walijua anaitwa Mohamed Fungafunga? Alikuwa baba mkali wa nchi nzima. Ukimwona kwenye kochi lile unajua binti wa nyumba ile ana shida leo. Hakuhitaji sana kuandikiwa, uso ulishafanya nusu ya kazi. Wakati huohuo waandishi wetu wakifika kwa mlinzi, kwa dada wa kazi, kwa mwenye genge, wanaweka kalamu chini. Wanasema mchekeshaji atajaza mwenyewe. Anajaza kweli, kwa lafudhi.

Watoto wadogo wa ukoo wetu wanamjua Hong kwa sauti tu. Ni Bwana Ping wa Kung Fu Panda, bata bukini muuza tambi anayemlea dubu panda kama mwanawe. Filamu ya kwanza ilitoka 2008, ya nne 2024, mzee akiwa na miaka 95 na sauti haijalegea. Watoto hawaoni ajabu bata kuzaa dubu. Kwenye nyumba zetu nusu ya watoto wameletwa na basi la Kondoa au Singida na shangazi, hakuna anayeuliza.

Heshima ilimfikia uzeeni. Mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim aliongoza mchango wa mtandaoni ili Hong awekewe nyota kwenye ile njia ya mashuhuri wa Hollywood, dola 55,000 zikapatikana ndani ya siku chache, na tarehe 10 Mei 2022 ikazinduliwa, akiwa na miaka 93. Mwaka huohuo alikuwa babu kwenye Everything Everywhere All at Once, filamu iliyokuja kuchukua Oscar saba. Februari 2023 kundi zima la waigizaji wa filamu hiyo lilipopewa tuzo na chama cha waigizaji, walimsukuma mbele aseme. Alitaja Clark Gable. Akaonyesha kwa vidole jinsi walivyokuwa wanavutwa macho kwa gundi, kwa sababu watayarishaji waliamini Waasia hawafai na hawaleti pesa. Akawageukia wenzake, akasema watutazame sasa. Ukumbi ulisimama. Nilichokipenda zaidi ni kwamba alichekesha, alichukua muda wake, alikuwa wazi kwamba anaufurahia. Miaka karibu 70 ya kufungulia watu milango, na bado anajua pa kunyamaza ili kicheko kifike.

Mdogo wangu amepigiwa simu tena mwezi huu. Mlinzi, tena. Safari hii ameomba kwanza atumiwe maandishi asome, aambiwe mlinzi anaitwa nani, na malipo yawe pamoja na nauli. Mpaka naandika hivi hawajamjibu, naye ana oda ya mageti mawili ya kumalizia kule Nkuhungu.